Mashini ikiwa nzito usiizime antivirusi: ninavyofanya kwenye kiduka changu cha njia ya Kasapa, Lubumbashi

Ilikuwa mwezi wa saba, siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho ya kupeleka TFC, ile kazi ya kumalizia masomo ya chuo. Msichana mmoja wa chuo aliingia kwenye kiduka changu cha kuchapa na kufotokopi, flashi ikining'inia shingoni kwa uzi wa kiatu. Kazi yake ilikuwa na kurasa 94 na alitaka nakala nne kabla delestaji, ule mgao wa umeme, haijaanza saa tisa. Mashini namba 3 ikakwama. Word inafunguka nusu, skrini inakuwa nyeupe, kiduara kinazunguka. Nyuma yake watu sita walikuwa wamepanga mstari, na mmoja alikuwa anasema kwa sauti kwamba ng'ambo ya barabara kuna mashini za haraka. Mdogo wangu anayenisaidia akafungua antivirusi, akabofya palipoandikwa izimwe mpaka mtu aiwashe mwenyewe. Word ikafunguka palepale. Dada akapata nakala zake, akashukuru, akakimbia.

Hatukuiwasha tena. Siku ya tatu folda zote kwenye mashini zangu tatu zilikuwa na kimshale kidogo pembeni, na kila flashi iliyochomekwa kwetu siku hizo ilitoka na ugonjwa. Wangapi waliupeleka nyumbani, kwa wenzao, mpaka ofisini kwa mwalimu wao, sijui. Wawili walirudi wakilia, wakiamini kazi ya mwaka mzima imefutika. Haikuwa imefutika, ilikuwa imefichwa tu, lakini wakati ule sikuwa na ujuzi wa kuwaambia hivyo. Mmoja wao aliandika upya sura nzima ambayo ilikuwa bado imo kwenye flashi yake. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo ninawaandikia wenye viduka kama changu, na mwanafunzi mwenye laptop moja ya okazioni iliyopita mikono mitatu kabla ya kumfikia. Antivirusi ni nzito kweli, sitakudanganya. Lakini uzito wake unaweza kuupangia saa na mahali, na mashini ikabaki nyepesi wakati mteja amesimama mbele yako.

Kwanza jua nani anakula nguvu

Mashini zetu zina Windows ya Kifaransa, kwa hiyo majina nitayaandika hivyo. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Maj (Shift) na Échap (Esc). Linafunguka dirisha la Gestionnaire des tâches, linaloonyesha kila programu inatumia nguvu kiasi gani. Tazama safu tatu: Processeur, Mémoire na Disque. Bofya neno Disque juu ya safu yake, anayetumia diski zaidi atapanda juu. Ukiona "Antimalware Service Executable" iko kileleni na diski imefika 100%, basi Defender, antivirusi inayokuja na Windows yenyewe, inakagua. Ukiona ni kivinjari chenye kurasa thelathini zilizofunguliwa, antivirusi haina kosa, funga kurasa.

Ni vizuri uelewe kinachotokea hapo. Kila unapofungua faili, antivirusi inaisoma kwanza kabla ya kukuachia. Kwenye diski ya zamani, ile inayozunguka, kinachosoma ni kama mkono mmoja unaoruka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Word inauita huku, antivirusi inauita kule, na printa nayo inataka faili yake. Mkono ni mmoja. Ndiyo maana mashini yenye prosesa nzuri inaweza kukwama kama gari kwenye matope huku Processeur ikionyesha 15% tu.

Halafu kuna vumbi. Hapa kwetu Lubumbashi kiangazi kinatuletea lile vumbi jekundu linaloingia kila mahali, na ikifika joto la mwezi wa kumi feni inalia kama kinu cha kusaga mahindi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi inapunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Nimeona watu wakiondoa antivirusi wakati kilichohitajika ni brashi laini ya rangi na dakika ishirini. Mimi nafungua mashini zangu zote mwanzoni mwa mwezi wa sita na tena mwezi wa tisa.

Antivirusi moja

Papa mmoja aliniletea laptop akilalamika kuwa inachukua dakika nane kuwaka. Ilikuwa na antivirusi ya majaribio iliyokuja nayo kutoka dukani, muda wake umekwisha zamani, na juu yake nyingine ya bure aliyowekewa na kijana wa mtaani. Zote mbili zilitaka kusoma kila faili. Moja ilikuwa inaikagua nyingine. Unga wa bukari hauchekechwi kwa machekeche mawili yaliyopandishwa moja juu ya lingine, utakesha bila kupika.

Ingia kwenye orodha ya programu, ondoa zote za ziada, washa mashini upya, ubaki na moja. Kwa mashini ndogo za hapa kwetu, zenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4, mimi nabaki na Defender. Imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012, hailipiwi, haina matangazo, na ukiondoa ile nyingine inajiwasha yenyewe. Kama umeshalipia nyingine na inakufaa, kaa nayo, ila zima vikorombwezo vyake: kisafishaji, VPN, kiongezeo cha kivinjari, kinachokuhimiza kila saa ununue zaidi. Vyote hivyo vinakaa kwenye RAM.

Antivirusi yenye ufunguo wa kuiba usiiguse. Aliyevunja kufuli ya programu ya ulinzi ameishika programu yenye ruhusa ya kusoma kila kitu kwenye mashini yako.

Ipangie saa

Defender ina kazi mbili. Moja ni kulinda papo hapo, yaani kusoma faili unapoifungua. Hiyo usiizime hata kwa dakika tano. Nyingine ni ukaguzi wa kupita diski nzima au sehemu zake nyeti, na huu ndio unaoua mashini saa nne asubuhi wakati mstari umefika barabarani.

Mimi nafika dukani saa kumi na mbili na nusu. Nawasha mashini, nachukua ufagio. Ukaguzi wa haraka umepangwa saa hiyohiyo, na nikimaliza kufagia, kupanga karatasi na kumwaga maji mlangoni ili vumbi litulie, umekwisha. Kuupanga hivyo, bofya kulia kitufe cha Démarrer, chagua Windows PowerShell (dirisha la kuandikia amri) yenye neno "admin", kisha andika:

Set-MpPreference -ScanScheduleQuickScanTime 06:35:00

Bonyeza Entrée. Isipojibu kitu, imekubali. Umeme ukiwa haupo saa hiyo, nauanzisha kwa mkono unaporudi: Sécurité Windows, Protection contre les virus et menaces, Analyse rapide.

Kuna kikomo kingine cha kuweka. Ukaguzi uliopangwa unaruhusiwa kutumia wastani wa 50% ya nguvu ya prosesa. Kwenye mashini dhaifu ni nyingi. Punguza:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Ukaguzi utachukua muda mrefu zaidi, lakini hutausikia sana. Kumbuka kikomo hiki kinahusu ukaguzi uliopangwa. Ule unaouanzisha mwenyewe kwa kubofya unakwenda kwa nguvu zake zote. Nilipunguza mara moja mpaka 5, ukaguzi ukawa hauishi, siku nzima unajikokota. 20 inatosha.

Ukaguzi wa diski nzima, Analyse complète, naufanya mara moja kwa mwezi, Jumamosi jioni baada ya kufunga, nikiwa napiga hesabu za wiki. Hapo unapaswa kujua jambo ambalo wengi hawalijui: kwa mpangilio wake wa kawaida, ukaguzi huo wa diski nzima haupiti kwenye flashi zilizochomekwa. Flashi ina mlango wake, nitafika huko.

Kuhusu mega, yaani data ya intaneti. Antivirusi isiyosasishwa haijui virusi vya mwezi huu, lakini mashini tatu zikisasisha kila moja peke yake kwa intaneti ya simu, forfait inakwisha kabla ya Alhamisi. Kwenye tovuti ya Microsoft kuna faili inayoitwa mpam-fe.exe, ina orodha yote ya virusi ndani yake. Inapita MB 100, lakini unaipakua mara moja, unaipeleka kwa flashi safi kwenye kila mashini, unabofya mara mbili. Usishtuke usipoona dirisha lolote, inafanya kazi kimyakimya. Hakikisha tarehe imebadilika kwenye sehemu ya Mises à jour. Mimi naifanya kila Jumatatu.

Mlango ni flashi

Hapa ndipo pana kazi. Katika miaka yangu dukani, virusi karibu vyote nilivyovishika viliingia kwa flashi. Mwanafunzi anaichomeka kwa rafiki, kwa kaka yake, kwenye duka la jirani, kisha kwangu. Nikiziba hapo, antivirusi ya kwenye mashini za kazi inabaki na kazi ndogo.

Nilichofanya: mashini namba 4, kongwe kuliko zote, yenye RAM ya GB 2, ambayo Windows ilikuwa imeishinda kabisa, nimeiwekea Linux Mint, toleo la Xfce, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows. Ni ya bure. Nimeiweka mlangoni kwenye kimeza chake, na kila flashi inaanzia pale. Virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows haviwezi kujiendesha pale, na faili zilizofichwa na virusi zinaonekana wazi kana kwamba hakuna aliyezificha. Mteja anasimama pembeni yangu, tunaangalia pamoja.

Juzi alikuja mwalimu wa sekondari na maswali ya mtihani. Kwenye flashi yake niliona folda tatu, na kando ya kila folda faili yenye jina lilelile inayoishia na .lnk, yaani njia ya mkato, yenye KB 2. Chini kabisa kulikuwa na faili moja ya .vbs, yaani yenye amri ambazo Windows inaziendesha, na jina lake ni herufi zisizosomeka. Nikamwonyesha kwa kidole: "Mwalimu, hizi tatu ni folda zako za kweli. Hizi nyingine ni mitego. Ukiibofya kwenye Windows, inafungua folda yako ili usishtuke, lakini kabla ya hapo inamwamsha huyu wa chini." Akaniambia amekuwa akiibofya tangu Pasaka. Nikamwomba ruhusa, nikafuta mitego mitatu na ile ya .vbs, nikanakili maswali yake kwenye flashi ya duka, ile yenye kamba nyekundu, nikachapa. Dakika moja na nusu. Usifute kitu cha mtu bila kumwuliza, hata ukiwa na hakika.

Kama huna mashini ya pili, fanya hivi kwenye laptop yako. Fungua dirisha la mafaili, nenda Affichage, weka alama kwenye "Extensions de noms de fichiers" na "Éléments masqués". Sasa mitego mingi itaonekana; .lnk yenyewe haiandikwi hata hapo, itambue kwa kimshale pembeni. Ukichomeka flashi, usiibofye kuifungua. Bofya kulia juu yake, chagua "Analyser avec Microsoft Defender", subiri. Flashi ya GB 8 iliyojaa kazi za Word haichukui muda.

Na kama folda zimeshafichwa, msilie kama wale wawili wangu. Antivirusi ikishaondoa virusi, fungua Invite de commandes, dirisha jingine la amri, uandike hivi, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo inavua zile alama za kuficha zilizopachikwa na virusi. Folda zinarudi. Ukikuta folda isiyo na jina, ingia ndani, mara nyingi kazi zote zimo humo.

Sasa kuhusu kusamehe folda

Utaambiwa na wajuzi kuwa antivirusi inaweza kuachwa isikague folda fulani ili mashini iwe nyepesi. Ni kweli, inaitwa Exclusions, iko chini ya "Gérer les paramètres". Ninayo moja tu. Mhasibu mmoja wa shule anafanyia hesabu zake kwenye mashini namba 2, kwa faili kubwa ya Access ambayo haitoki hapo na haipokei kitu kutoka kwenye flashi. Ilikuwa inagoma kila akihifadhi. Nikaisamehe folda hiyo peke yake, na yeye anaingia kwa neno la siri lake.

Usisamehe kamwe folda ya Téléchargements, Bureau, flashi nzima, wala diski C. Usisamehe aina ya faili, kama .exe. Na pitia orodha hiyo kila mwezi, kwa sababu kuna virusi ambavyo vikiingia kitu cha kwanza ni kujiandika wenyewe humo. Ukiona mstari usioujua, ufute kwanza, maswali baadaye.

Office ya kuvunja kufuli

Hili nalisema kwa uzito. Kila wiki kuna kijana anayeniambia, "Yaya, niwekee Office, ila kwanza uzime antivirusi, isipozimwa inakataa." Inakataa kwa sababu kile kifaa cha kuvunja kufuli kinataka ruhusa zote za mashini, na huwezi kujua kimebeba nini kingine ndani. Mtu anazima ulinzi kwa mkono wake, anampa mgeni funguo za nyumba, kisha miezi miwili baadaye ananiuliza kwa nini mashini imekuwa nzito. Mimi nawawekea LibreOffice. Ni ya bure, inafungua na kuhifadhi .docx. Jedwali linaweza kusogea kidogo, kwa hiyo kabla ya kwenda kuchapa geuza kazi yako iwe PDF, kurasa zitabaki kama ulivyozipanga.

Pia, mashini wanayokalia wateja isiwe kwenye akaunti ya administrateur. Tengeneza akaunti ya kawaida, "standard", wafanyie kazi humo. Haipunguzi mwendo hata kidogo, na programu ikitaka kujipachika ndani ya Windows itaomba neno la siri ambalo mteja hana.

Pesa ya kwanza iende wapi

Ukipata pesa kidogo, usinunue antivirusi. Nunua SSD ya GB 240, ubadilishe ile diski inayozunguka. SSD haina ule mkono wa kuruka huku na huku, kwa hiyo Word na antivirusi zinasoma bila kugombana. Hakuna mpangilio niliokueleza hapo juu unaofikia hilo. Baada ya SSD, RAM kutoka GB 4 hadi 8. Hifadhi kazi zako kwanza, halafu mfundi ahamishe Windows.

Mashini ambazo hazikubali Windows 11 zina jambo moja zaidi. Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema itaendelea kuipa Defender orodha mpya za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe ni habari nyingine, hayazibwi tena bila kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Yangu mbili zimo katika hali hiyo. Moja imebaki bila intaneti, inachapa tu. Nyingine nitaihamishia Linux likizo hii.

Ukibadilisha chochote, pima

Kabla ya kugusa mpangilio, chukua simu, anzisha saa, fungua Word na faili moja ndefu, andika sekunde kwenye karatasi. Badilisha kitu kimoja. Washa mashini upya, pima tena. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Kisha hakikisha ulinzi bado uko macho. Kuna faili ya majaribio inayopatikana kwenye tovuti ya EICAR: herufi 68, haina madhara yoyote, lakini antivirusi zimekubaliana kuikamata kana kwamba ni virusi. Ipakue. Defender ikipiga kelele na kuinyakua, yuko kazini. Ikikaa kimya na faili ikatulia hapo kwenye Bureau yako, kuna kitu umekizima, rudi nyuma ukitafute.

Mashini namba 3, ile ya dada wa kurasa 94, ilikuwa inafungua Word kwa dakika moja na sekunde 50. Baada ya kubaki na antivirusi moja na kuhamisha ukaguzi asubuhi, sekunde 48. Baada ya SSD, sekunde 9, ulinzi ukiwa umewashwa. Karatasi yenye namba hizo nimeibandika ukutani juu ya printa, na mdogo wangu anapoombwa azime antivirusi anaionyesha.